Ganzi ya mikono unapopiga skwati: angalia ni vidole vipi

Kwenye jimu nyingi utaona mtu anayepiga skwati, yaani anachuchumaa na kuinuka akiwa na chuma mgongoni, anarudisha chuma kwenye stendi, anakung'uta mikono ganzi iishe, kisha anaingia tena chini ya chuma kama hakuna kilichotokea. Ganzi hiyo isizoeleke. Mara nyingi sababu yake inaonekana kwa macho na inarekebishika siku hiyohiyo, ila kuna wakati inadai daktari. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana.

Skwati ni zoezi la miguu. Mikono inaumiaje?

Inaumia kwa sababu imepewa kazi isiyo yake. Chuma kinatakiwa kikae juu ya nyama ya mgongo na mabega, na mikono ikizuie tu kisiteleze. Chuma kirefu cha kawaida, kikiwa kitupu, kina kilo 20. Ukikibeba vibaya, sehemu ya uzito wake na wa vyuma vinavyopachikwa pembeni inahamia viganjani, inapita kwenye kifundo cha mkono kilichopinda kwa nyuma na kuishia kwenye kiwiko.

Mishipa ya fahamu ya mkono nayo ina safari ndefu. Inachomoza sehemu ya chini ya shingo, inapenya kati ya misuli ya shingo, inapita chini ya mtulinga, juu ya ubavu wa kwanza, kisha chini ya msuli mdogo wa kifua kabla ya kushuka mkononi. Ikibanwa au kuvutwa popote njiani, ganzi itasikika vidoleni.

Nitajuaje mshipa unabanwa wapi?

Vidole vyenyewe vitakuambia, kwa hiyo siku ikitokea usikimbilie kukung'uta. Simama kwanza, angalia ni vidole vipi.

Kikiwa kidole cha mwisho pamoja na nusu ya kidole cha pete, shuku kiwiko. Upande wa ndani, nyuma ya mfupa unaochomoza, unapita mshipa uleule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko kwenye kona ya meza. Kiwiko kikikunjwa sana, mshipa huo unavutika. Anayeshika chuma karibu mno na mabega hukunja kiwiko mpaka mwisho, na juu yake anaweka uzito. Jipime ukiwa nyumbani, bila chuma: kunja viwiko kabisa, viganja viguse mabega, ukae hivyo kwa dakika moja. Vidole vilevile vikianza kuchomwachomwa, umepata mahali pa kuanzia. Mtu wa namna hii mara nyingi huamka na ganzi akilala amekunja mikono, au huipata akiongea na simu muda mrefu.

Gumba, kidole cha shahada na cha kati vikifa ganzi, tazama kifundo cha mkono. Kikipinda sana kwa nyuma chini ya mzigo, mshipa unaopita katikati yake unakandamizwa.

Mkono mzima ukiwa mzito, au maumivu yakianzia shingoni au begani na kushuka, shida iko juu zaidi. Huenda chuma kimekalia mfupa unaojitokeza chini ya kisogo, au mabega yamevutwa nyuma kwa nguvu kupita uwezo wa kifua chako.

Nirekebishe nini kwanza?

Chukua chuma kitupu na mtu wa kukutazama kwa nyuma. Panua mikono. Sogeza kila mkono nje kwa upana wa vidole viwili, piga mara tano, sikiliza. Bado? Sogeza tena. Wengi hushika karibu kwa sababu wameona wanyanyuaji wa mashindano wakifanya hivyo, lakini wale wana mabega yaliyofunguka kwa miaka mingi.

Kisha nyoosha kifundo cha mkono, kiganja kiwe mstari mmoja na mkono. Kama hakinyooki, hamisha gumba lipande juu ya chuma pamoja na vidole vingine. Utaona kifundo kinafunguka chenyewe. Viwiko vielekee chini, visirushwe nyuma, na usikikabe chuma kama unataka kukivunja.

Halafu angalia kinapokaa. Vuta mabapa ya mabega yakaribiane kidogo. Nyama ya juu ya mgongo itavimba, na hapo ndipo mahali pake. Wapo wanaokiweka chini zaidi, nyuma ya mabega. Mkao huo unadai mabega yaliyolegea vizuri, hivyo kama ganzi inakusumbua, kipandishe juu kwa sasa.

Kwa wanaofanyia mazoezi mtaani, kwenye bomba lenye zege pembeni: bomba ni laini, linateleza, na mtu analikaba kwa nguvu zote. Vaa fulana ya pamba isiyoteleza na upunguze uzito.

Sponji ya kuzungushia chuma inasaidia?

Kwa ganzi, siitegemei. Inaondoa maumivu ya ngozi, lakini inaweza kukifanya chuma kibingirike kuelekea shingoni, na mikono ikalazimika kukaba zaidi.

Mabega yangu ni magumu, hayafiki nyuma.

Basi yafungue polepole. Simama mlangoni, weka mikono kwenye fremu, egemea mbele mpaka kifua kivutike, kaa sekunde 30, rudia mara mbili tatu. Kunyoosha kusilete ganzi, ikija, legeza. Wakati huo miguu isilale njaa: kumbatia dambeli kifuani uchuchumae nayo, au weka chuma mbele ya mabega huku mikono imepishana. Uzito utapungua, na hilo halina ubaya.

Ganzi ikiisha baada ya dakika chache, niendelee?

Endelea ukiwa umebadilisha kitu. Usirudie mkao uleule. Mshipa unaobanwa tena na tena hujeruhika, na baadaye misuli ya kiganja hupungua nguvu. Hapo kupona huchukua muda mrefu.

Lini niende hospitali?

Ganzi ikidumu siku kadhaa, ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vitu na kushindwa kufunga vifungo vya shati. Mwenye kisukari asisubiri, kwa kuwa ugonjwa huo nao huharibu mishipa ya fahamu.

Nenda siku hiyohiyo mkono ukivimba na kugeuka rangi, kwani damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa wa damu. Au miguu nayo ikilegea na mkojo kukusumbua, maana hapo uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Ganzi ya mkono ikija na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, au mdomo ukienda upande na maneno kutotoka, hiyo ni dharura. Usikae kutafakari namna ulivyoshika chuma. Upelekwe hospitali mara moja.

Nikishapona, nirudi vipi?

Anza na uzito usioleta ganzi hata kidogo, uongeze kwa vyuma vidogo wiki hadi wiki. Ikirudi ukifika uzito fulani, mwombe mwenzako akupige video kwa nyuma. Mara nyingi utakuta kwamba chuma kilipokuwa kizito, mikono ilirudi ndani bila wewe kujua.