Maana ya rimasta: mchezo wa zamani unaporudi katika toleo jipya

Rimasta ni toleo jipya la mchezo wa video wa zamani ambamo mchezo wenyewe, yaani ramani zake, hadithi yake, sauti zake na kanuni zinazouendesha, unabaki ule ule, huku picha, mwanga na namna ya kuuongoza vikiboreshwa ili uchezeke kwenye mashine na televisheni za leo. Utaratibu huu ulianza kwenye muziki, ambako fundi hurudi kwenye mkanda wa asili na kuandaa nakala iliyo safi zaidi bila kumwita mwimbaji studio mara ya pili. Kwenye michezo ya video kazi ni ngumu kuliko hiyo, kwa sababu mchezo si rekodi iliyokwisha kukamilika. Ni programu inayochora picha upya mara nyingi kwa kila sekunde, na mengi tunayoyakumbuka juu yake yalitokana na uwezo, na hata udhaifu, wa mashine iliyoandikiwa.

Matangazo ya biashara huchanganya rimasta na mambo mengine mawili. La kwanza ni kuhamisha tu, yaani kuufanya mchezo wa konsoli (mashine ya kuchezea gemu inayounganishwa na televisheni) ya zamani ukubali kufanya kazi kwenye kompyuta, simu au konsoli mpya bila kugusa sura yake. La pili ni rimeki, ambayo ni mchezo mpya uliojengwa tangu msingi juu ya hadithi ya zamani. Resident Evil 2 ya mwaka 1998 ilimwonyesha mchezaji kila chumba kupitia kamera iliyofungwa mahali pamoja, kiasi kwamba aliweza kusikia zombi kabla ya kumwona. Ile ya mwaka 2019 iliweka kamera nyuma ya bega la mhusika na kumruhusu kulenga shabaha mwenyewe. Mji, kituo cha polisi na majina ya watu ni yale yale, lakini mikono ya mchezaji inajifunza mchezo mwingine kabisa.

Mpaka kati ya rimasta na rimeki hata hivyo hauko wazi kila mara, na mfano mzuri ni Shadow of the Colossus, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2005 ambamo kijana na farasi wake wanazunguka nchi tupu kuyasaka majitu 16. Mwaka 2011 studio ya Bluepoint Games ya Texas iliutoa tena kwa PlayStation 3, picha zikiwa kali zaidi na mwendo ukiwa laini kuliko ule wa PlayStation 2 iliyokuwa ikielemewa kila jitu lilipojaza kioo. Mwaka 2018 studio hiyo hiyo ilichora upya kila jani, kila jiwe na kila unyoya wa majitu hayo kwa ajili ya PlayStation 4, lakini ikaacha mienendo yake, ramani na mpangilio wa mapambano kama ulivyokuwa. Toleo la 2011 ni rimasta bila shaka. La 2018 huitwa rimeki kwa sababu ya picha zake, ingawa anayeujua mchezo wa mwanzo hupanda migongo ya majitu yale kwa kumbukumbu za miaka ile, bila kufundishwa upya.

Hitaji la kazi hii linatokana na vioo vyenyewe. Michezo mingi ya PlayStation 2 ilichorwa kwa ajili ya televisheni za kichogo zenye mistari 480 hivi ya picha, na televisheni hizo zililainisha kingo na kuchanganya rangi kiasi kwamba uso wa mtu uliochorwa kwa vipande vichache ulionekana wa kuridhisha. Televisheni bapa ya kisasa yenye mistari 2,160 ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, takriban mara 27 zaidi, nayo haifichi kitu. Ukiunganisha konsoli ya zamani kwenye kioo cha namna hiyo, picha huvimba, huingia ukungu, na pengine mkono hubonyeza kitufe na mhusika huchelewa kuitika, kwa kuwa televisheni inatumia muda kuibadilisha picha kabla ya kuionyesha.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, mchezo unaoeleza jambo hili vizuri kuliko yote ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2 na kuchezwa miaka mingi baadaye katika vibanda vya gemu, kodi za siri zikiwa zimenakiliwa kwenye karatasi za daftari. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Haikuwezekana kuiweka humo ramani yenye miji mitatu, jangwa na mlima, kwa hiyo mchezo ulisoma vipande vya ramani kutoka kwenye diski kadiri gari lilivyosonga mbele, na vilivyokuwa mbali havikuchorwa hata kidogo. Ili pengo hilo lisionekane, waundaji walitandaza utusitusi: juu ya Los Santos hewa nzito ya rangi ya machungwa iliyofanana na moshi wa Los Angeles, juu ya San Fierro ukungu uliofanana na ule wa San Francisco, na jangwani vumbi. Hila ya kiufundi ikawa hali ya hewa, na hali ya hewa ikawa sura ya nchi. Mchezaji aliyetoka Grove Street, mtaa wa Los Santos, kwenda mlima Chiliad aliamini amesafiri safari ndefu, kwa sababu kila alipogeuka nyuma alikuwa hauoni tena mji aliotoka.

Novemba 2021 mchezo huu ulirudi pamoja na wenzake wawili, Grand Theft Auto III na Vice City, katika rimasta iliyotengenezwa kwa Unreal Engine 4, programu ya kujengea michezo, na studio ya Grove Street Games, ambayo kwa jina lake la zamani ndiyo iliyokuwa imeuhamishia kwenye simu mwaka 2013. Mashine za mwaka 2021 zilikuwa na uwezo wa kuchora ramani nzima kwa mkupuo mmoja, basi ule utusitusi ukaondolewa. Matokeo yake ni kwamba ukisimama kileleni Chiliad siku ya jua, unaona majengo ya miji yamesimama karibu karibu, na nchi yote inafunuka kuwa kisiwa cha takriban kilomita 6 kwa 6. Hakuna kilichopunguzwa kwenye ramani. Kilichopotea ni umbali, na umbali ndio uliokuwa nusu ya uzuri wa San Andreas.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, lakini kwangu ndilo linalofundisha zaidi. Katika mchezo wa asili kuna duka la donati liitwalo Tuff Nut, yaani ‘nati ngumu’, na juu ya paa lake limewekwa sanamu kubwa ya nati, ile ya chuma inayokazwa na spana, yenye pande sita. Katika toleo jipya kingo za nati hiyo zililainishwa pamoja na maumbo mengine, ikawa duara, na jina la duka likabaki halina mwenzake. Vivyo hivyo mabango kadhaa ya madukani yalitokea na herufi zilizoharibika baada ya picha zake kukuzwa kwa programu. Kompyuta inaweza kuongeza pikseli, lakini haiwezi kujua kwamba umbo fulani liliwekwa pale kwa makusudi. Hilo linahitaji mtu aliyeucheza mchezo, akaupenda, na akapewa muda wa kukagua kila kona.

Haki inataka yasemwe pia yale yaliyofanywa vizuri. Toleo la 2021 lilileta duara la kuchagulia silaha, njia iliyochorwa kwenye ramani ndogo, na uwezo wa kuanza misheni upya papo hapo. Yeyote aliyewahi kulikimbiza treni kwa pikipiki, mhusika Big Smoke akiwa amekaa nyuma, akashindwa, kisha akalazimika kuvuka mji mzima kuianza tena misheni, ataelewa thamani ya badiliko hilo la mwisho. Linaondoa usumbufu bila kuigusa misheni yenyewe, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kwa rimasta yoyote: je, kilichobadilishwa kilikuwa kikimzuia mchezaji kuufikia mchezo, au kilikuwa sehemu ya mchezo?

Pengine kazi huharibika kwa sababu nyingine, nayo ni kukosekana kwa faili za asili. Mwaka 2012 kampuni ya Kijapani ya Konami ilitoa mkusanyiko wa michezo ya kutisha ya Silent Hill 2 na Silent Hill 3 kwa konsoli za wakati ule, na waliopewa kazi hiyo walikabidhiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambao haukuwa wa mwisho, kwa kuwa ule uliokamilika haukuhifadhiwa. Walijikuta wakirekebisha hitilafu ambazo wenzao wa Japani walikwisha kuzirekebisha miaka kumi nyuma, pamoja na mpya zilizozaliwa njiani. Ukungu, ambao katika mfululizo huo ndio chanzo kikuu cha hofu, ulitoka mwepesi, hadi mahali pengine ukingo wa maji ya ziwa ukaonekana umekatwa kama kitambaa. Utunzaji wa kumbukumbu za kazi, jambo ambalo mchezaji halioni, ndio unaoamua kama mchezo utarudi salama.

Pale ambapo mchezo wa zamani umehifadhiwa vyema, kuna njia ambayo kwangu ni ya heshima zaidi, nayo ni kuacha toleo la asili likiendelea kufanya kazi chini ya lile jipya. Katika Halo: Combat Evolved Anniversary ya mwaka 2011, na katika Diablo II: Resurrected ya mwaka 2021, mchezaji hubonyeza kitufe kimoja na picha hugeuka kutoka mpya kwenda ya zamani bila mchezo kusimama. Anayefanya hivyo mara kadhaa hushangaa kuona kwamba kumbukumbu yake ilikuwa imeupamba mchezo kuliko ulivyokuwa, na wakati huo huo hugundua kivuli au giza fulani ambalo wachoraji wapya hawakulileta.

Swali la mwisho ni upatikanaji, na hapa ndipo rimasta inapoweza kudhuru. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena kwa njia halali. Katika hali hiyo kila toleo jipya ni neema, isipokuwa pale linapoletwa kuchukua nafasi ya lile la asili. Matoleo ya zamani ya San Andreas na wenzake yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni wiki chache kabla ya rimasta ya 2021 kutoka, na baada ya malalamiko mengi Rockstar Games, kampuni inayoitoa michezo hiyo, iliomba radhi na kutangaza kuwa itayarudisha matoleo ya kompyuta kwenye duka lake.

Novemba 2024, miaka mitatu baadaye, rimasta hiyo ilipata masahihisho makubwa, ikiwemo sehemu ya mipangilio inayorudisha mwanga wa zamani pamoja na ule utusitusi. Anayetaka kuucheza mchezo huu leo kwenye mashine mpya na aanzie hapo kwenye mipangilio, awashe mwanga wa zamani kabla ya misheni ya kwanza, kisha apande Chiliad jioni atazame upande wa Los Santos.