Modeli ya mwendo wa mnyama ni nini?

Modeli ya mwendo ni mwili wa mnyama uliojengwa kwa namba ndani ya kompyuta. Kila mfupa hupewa umbo na uzito wake, kila kiungo hupewa kikomo cha kujikunja, na misuli huwekwa kama nyuzi zinazovuta mfupa mmoja kuelekea mwingine. Kisha mwili huo huachwa usogee kwa kufuata kanuni za Newton, na kuuendesha huko ndiko kunakoitwa uigaji. Mchora katuni anaweza kumrusha tembo juu akipenda. Katika modeli, tembo mwenye misuli isiyotosha hanyanyuki hata kidogo.

Mfano ninaoupenda asili yake ni Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulifukua huko mifupa mingi ya dinosaria, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Berlin. Miongoni mwao alikuwamo Kentrosaurus, mla majani wa mita 4.5 hivi mwenye miiba mirefu mkiani. Je, miiba ile iliweza kweli kumuumiza adui? Mtafiti wa dinosaria Heinrich Mallison aliingiza mifupa hiyo kwenye kompyuta, pingili kwa pingili, na matokeo yake yakachapishwa 2011. Mkia wenye pingili zisizopungua 40 uliweza kupinda sana, ukafagia nusu duara nzima nyuma ya mnyama, na huenda ncha yake ilifikia kilomita 50 kwa saa. Kwa kasi hiyo mwiba huchana ngozi na kuvunja mbavu. Mifupa iliyokaa kimya makumbusho karibu karne nzima ikajibu swali ambalo macho peke yake yasingeweza kulijibu.

Ugumu uko kwenye nyama. Misuli huoza, mifupa hubaki, kwa hiyo unene wa msuli ni makadirio. Ndiyo maana mtafiti makini huendesha modeli mara nyingi, akiongeza na kupunguza misuli, na huipima kwanza kwa wanyama walio hai kama mbuni, ambao mwendo wao unaweza kupigwa picha. Kitu kimoja kikisahaulika, jibu hubadilika. Mwaka 2007 William Sellers wa Chuo Kikuu cha Manchester na mwenzake walikadiria kuwa Tyrannosaurus, dinosaria mkubwa mla nyama, aliweza kukimbia mita 8 kwa sekunde. Mwaka 2017 Sellers na wenzake waliongeza kigezo ambacho hakikuwamo, yaani mzigo ambao mfupa unaweza kuuhimili, wakaona kwamba mbio za kweli zingeelekea kuivunja miguu yake. Mnyama yule alikuwa wa kutembea.

Kwa anayetaka kujaribu, programu ya OpenSim iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford hupakuliwa bure. Huja na modeli za mguu wa binadamu, na hizo zinatosha kuanzia.