Kijito kimoja, mwaka mzima

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa miaka 13 hadi 17 utunzaji wa mazingira, nje ya saa za shule. Walezi wa klabu huniuliza waanze na mada gani. Mimi huanza na mahali: bwawa, kiwanja au kijito kimoja ambacho kundi litakirudia kila mwezi, mwaka mzima.

Tuseme ni kijito. Vifaa ni chujio, karai jeupe na daftari. Kijana mmoja anatega chujio, mwenzake anapindua mawe upande maji yanakotoka, na wadudu wanasombwa hadi ndani. Kisha wanawahesabu karaini. Tunutu, yaani wadudu wachanga wa majini, wenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia kandokando ya tumbo, huhitaji maji yenye oksijeni nyingi. Wakijaa, kijito kina afya. Mabuu wekundu huvumilia hata oksijeni haba, kwa kuwa wana hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, nayo ndiyo inayowapa rangi hiyo. Mwezi tunutu wakipungua na mabuu wakazidi, mwalimu hana haja ya kuhutubu. Vijana wenyewe watataka kufuata kijito kuelekea juu, wajue ni nini kimeingia majini. Hapo lazima mtu mzima awe nao, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Zamani tuliamini kwamba anayejua atajali, na anayejali atatenda. Mwaka 1990 Harold Hungerford na Trudi Volk, watafiti wa elimu ya mazingira, walieleza kwa nini mnyororo huo haushiki: mtu hutenda anapoliona jambo kuwa lake, akiwa na stadi za kulishughulikia na imani kwamba juhudi yake italeta badiliko. Azimio la Tbilisi la 1977, la mkutano wa kimataifa kuhusu elimu ya mazingira, nalo lilikuwa limekwisha kuutaja ushiriki pamoja na maarifa na stadi.

Ndiyo maana siku ya kuokota taka, ikiwa ndiyo shughuli pekee ya mwaka, hunisikitisha. Vijana huvishwa fulana, hupigwa picha, basi. Mtafiti Roger Hart alipochora ngazi ya ushiriki wa watoto mwaka 1992, kuwafanya watoto mapambo alikuweka kwenye vipago vya chini, ambavyo hakuvihesabu kuwa ushiriki.

Hesabu za miezi 12 zikikamilika, waachie vijana waamue zipelekwe kwa nani, na wazieleze wao wenyewe. Mkubwa akitilia shaka tarakimu fulani, usiwajibie. Wana daftari, na kijito kipo.