Je, Wajua? Matatizo ya Ulaji Si Ugonjwa wa Wazungu

Jijini Nairobi, msichana anayejinyima chakula hadi mbavu zikahesabika huenda akadhaniwa ana vidonda vya tumbo, au anaringa tu, kwa kuwa wengi huamini kwamba anoreksia, yaani kujinyima chakula kupita kiasi kwa hofu ya kunenepa, ni ugonjwa wa mabinti wa kizungu wenye pesa. Dhana hiyo imewakumba hata wataalamu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, matabibu walipewa maelezo ya msichana wa kubuni aliyeitwa Mary, dalili zikiwa zile zile, ila rangi yake ikabadilishwa. Alipotajwa kuwa mzungu, takriban asilimia 44 walitambua kwamba ulaji wake ulikuwa na kasoro. Alipotajwa kuwa mweusi, walikuwa asilimia 17 hivi. Ilhali uchanganuzi wa takwimu za kitaifa za nchi hiyo hiyo, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa viwango vya anoreksia vilikaribiana katika makundi yote, na kwamba bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufunga, ilikuwa nyingi zaidi miongoni mwa weusi na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Tofauti kubwa ilikuwa katika kupata matibabu.

Watafiti huhusisha matatizo haya na mshikamano wa utotoni, yaani kifungo cha kihisia kati ya mtoto na mlezi wake. Sasa mshikamano huo unaingiaje? John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, alieleza kwamba mtoto hujifunza kwa mlezi iwapo akilia atasikilizwa. Ufikirie mfumo huo kama king'ora cha gari. Kilichorekebishwa vyema hulia mwizi anapoligusa gari, kisha mwenyewe hukizima. Mtu mwenye mshikamano wa wasiwasi ana king'ora kinachoamshwa hata na paka aliyepita, wala hana hakika kwamba kuna atakayekuja kukizima. Mwenye mshikamano wa kujitenga amekata nyaya, gari limenyamaza ingawa kioo kimevunjwa. Kwa wa kwanza, kula kwa pupa huweza kutuliza kelele kwa muda. Kwa wa pili, kujinyima humpa hisia kwamba hamhitaji mtu yeyote. Katika tafiti nyingi, watu wenye matatizo ya ulaji huonyesha mshikamano usio salama, kama huo wa wasiwasi au wa kujitenga, zaidi kuliko wengine, ingawa kuambatana kwa mambo hayo mawili hakuthibitishi kwamba moja lilizaa lingine.

Kioja ni kwamba uchunguzi wa mwanzo wa nadharia hii ulifanywa hapa jirani: mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatazama akina mama na watoto wao wachanga nchini Uganda katika miaka ya 1950. Baadaye tafiti za ulaji zikaegemea wanawake wazungu, hivyo ushahidi wa iwapo uhusiano huo una nguvu sawa kwa kila kundi ni haba. Zaidi ya hayo, dodoso nyingi huuliza kuhusu mama, baba au mpenzi. Aliyelelewa na nyanya yake Machakos, kisha akaletwa Nairobi kwa shangazi na kuachiwa yaya, itambidi aamue mwenyewe anamjibia nani.