Bangi ya dawa ni nini, hasa kwa mtu mzima wa miaka 70

"Anatumia bangi, lakini ni ile ya dawa." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi kupita kiasi, na karibu kila mara anayesemwa ni mzee: magoti yanamuuma, usingizi umempotea, au ameanza kusahau. Ukiuliza hiyo dawa ni ipi, unaambiwa ni mafuta yaliyoagizwa mtandaoni, au biskuti aliyoletewa na mjukuu, au majani yaleyale anayovuta kijana yeyote. Neno dawa hapo limewatuliza watoto na wajukuu, na hatari kwa mzee haikupungua hata kidogo.

Maana yenyewe haichukui nafasi. Bangi ya dawa ni bidhaa iliyotokana na mmea wa bangi, au kemikali iliyotengenezwa kwa kuuiga, ambayo kiasi kilichomo kinajulikana, inatolewa kwa ugonjwa unaojulikana, na kuna mtaalamu wa afya anayefuatilia inavyomfanya mgonjwa. Kukikosekana kimojawapo, hiyo ni bangi tu. Hakuna mche unaoota ukiwa dawa na wa pembeni yake ukaota ukiwa kilevi.

Mmea huu una kemikali zaidi ya 100 za ukoo mmoja, lakini zinazozungumzwa sana ni mbili. THC ndiyo inayolewesha. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga ikiwa safi huko Israeli mwaka 1964. CBD, ambayo haileweshi mtu, ilikuwa imeshatolewa kwenye mmea mwaka 1940 na Roger Adams nchini Marekani. THC inafanya kazi kwa sababu ubongo wenyewe una vipokezi vinavyoipokea, na mwaka 1992 ikagundulika kwamba mwili hujitengenezea kemikali yake inayoshika vipokezi hivyohivyo. Vimejaa kwenye sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na zinazosimamia mwendo na mizani ya mwili. Kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa pumzi, ni vichache.

Hapo ndipo ulipotoka ule usemi kwamba bangi haijawahi kuua mtu. Una chembe ya ukweli: bangi haizimi pumzi kama mofini, dawa kali ya maumivu, inavyoweza kuizima. Lakini usemi huo ulipimwa kwa kijana mwenye afya na mifupa migumu. Mzee hahitaji kuacha kupumua ili bangi imdhuru. Akianguka tu, inatosha. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wapo wengi ambao hawarudi tena kutembea kama zamani, na wapo wasioumaliza mwaka.

Chukua mzee aliyemeza nusu biskuti yenye THC saa mbili usiku ili alale. Bangi ya kuvuta hufika ubongoni kwa dakika chache. Ya kula hupita tumboni na kwenye ini, ikachukua kati ya nusu saa na saa mbili, mara nyingine zaidi. Saa tatu kasorobo hajasikia kitu. Anaona nusu ile ilikuwa ndogo, anamalizia iliyobaki. Kwenye saa nne nusu zote mbili zinamfikia pamoja, na ini limeshaigeuza sehemu ya THC kuwa kemikali nyingine inayolewesha vilevile na kumkaa muda mrefu. Saa nane za usiku anaamka kwenda chooni. Anasimama, na presha inashuka kwa sababu THC hulegeza mishipa ya damu. Kidonge cha presha alichomeza jioni kinaishusha kwa upande wake. Mapigo yanaenda mbio, chumba kinazunguka, mkono unapapasa ukuta. Asubuhi akikutwa sakafuni, watu watasema ni uzee.

Mwili wa mzee haubebi bangi kama ulivyoibeba ujanani. Misuli hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka, na THC ni kemikali inayopenda mafuta, kwa hiyo hujificha humo na kutoka polepole. Ini nalo halisafishi kwa kasi ile ya zamani. Ndiyo maana siamini hoja ya "nimeivuta tangu ujana, naijua." Bangi yenyewe imebadilika pia. Sampuli zilizokamatwa Marekani mwaka 1995 zilikuwa na wastani wa asilimia 4 ya THC. Kufikia mwaka 2014 wastani ulikuwa umefika karibu asilimia 12. Aliyeiacha akiwa na miaka 25 na kuirudia akiwa na 70 anakutana na bangi ngeni kwa mwili mgeni.

Hesabu za hospitali zinaonyesha hivyo. Katika jimbo la California, wenye umri wa miaka 65 na kuendelea waliofika idara za dharura kwa mambo yanayohusiana na bangi walikuwa 366 mwaka 2005. Mwaka 2019 walikuwa 12,167. Idadi ya wazee iliongezeka katika miaka hiyo, na madaktari nao wakawa wepesi zaidi kuandika neno bangi kwenye faili, lakini hakuna kati ya hayo linaloeleza ongezeko la kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye lile linaloniudhi zaidi, nalo ni CBD. Watu wameshika kwamba CBD haileweshi, kisha wakaruka moja kwa moja hadi kwamba CBD haina madhara. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Aspirini haileweshi. Insulini haileweshi. Dawa ya presha haileweshi, na ukimeza nyingi inaweza kukulaza hospitali. CBD husafishwa na vimeng'enya vya ini vilevile vinavyosafisha dawa nyingine nyingi, na ikiingia huvibana, hivyo zile dawa nyingine hubaki kwenye damu kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari. Mfano ulio wazi ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo wazee wengi wenye matatizo ya moyo huitumia. Kipimo chake huwekwa kwa uangalifu mkubwa, damu ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu ikizidi kidogo mtu huanza kutokwa damu ndani. Mzee akianza matone ya CBD bila kumwambia anayempima, kiwango cha warfarini kinaweza kupanda huku yeye hajaongeza hata kidonge kimoja. Klobazamu, inayotumika kwa kifafa, nayo hupandishwa hivyohivyo, na mtu akashinda amesinzia.

Kuna suala la kiasi pia. Anayeuza chupa ya matone hupenda kusema CBD "imethibitishwa kisayansi," na kweli, mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, ambayo ni CBD safi. Iliidhinishwa kwa aina mbili adimu za kifafa zinazoanza utotoni. Kipimo chake cha kawaida ni kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 600 hadi 1,200, na vipimo vya ini lake vingeangaliwa kabla ya kuanza na baada ya kuanza. Chupa ya mtandaoni humpa mzee miligramu 20 au 30 kwa siku, kwa maumivu ya magoti. Uthibitisho wa kifafa hauhamii kwenye magoti kwa sababu tu jina la kemikali ni lilelile.

Na hata hizo miligramu 20 huenda hazimo. Mwaka 2017 watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti na kuzipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa hazikufika theluthi moja, na 18 zilikutwa na THC. Mzee aliyeapa hatatumia kitu cha kulewesha anaweza kuwa anakimeza kila jioni bila kujua, na akianza kuchanganyikiwa, hakuna atakayeishuku ile chupa.

Ukiitazama orodha ya dawa halisi zilizotokana na bangi au kuiiga, utaona jinsi ilivyo fupi. Dronabinoli na nabiloni ziliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu na kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa kemikali. Mwaka 1992 dronabinoli ikaongezewa wagonjwa wa UKIMWI waliokosa hamu ya kula na kukonda. Sativex, ya kupuliza mdomoni, iliruhusiwa Kanada mwaka 2005, na Uingereza mwaka 2010 kwa kukakamaa kwa misuli kwa watu ambao kinga ya mwili wao hushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu, ugonjwa uitwao multiple sclerosis. Ongeza Epidiolex. Usingizi wa uzeeni haumo, wala usahaulifu.

Maumivu ya muda mrefu ndiyo yenye mjadala wa kweli, na sitaki kuyapuuza, kwa sababu mzee anayeumwa kila siku ana haki ya kutafuta nafuu. Akademia za sayansi za Marekani zilipopitia tafiti mwaka 2017 zilisema upo ushahidi wa kutosha kwamba bangi huwapunguzia watu wazima maumivu sugu. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipitia ushahidi na kukataa kuunga mkono matumizi yake. Ninavyoelewa mimi, wapo wanaopata nafuu ya kiasi, hasa ya maumivu yanayotokana na neva, lakini si nafuu ya kumfanya mtu aache dawa zake nyingine kwa uamuzi wake mwenyewe.

Glakoma, ugonjwa wa jicho ambao mara nyingi huja na presha ya jicho iliyopanda, haina mjadala wa namna hiyo. Ni kweli bangi hushusha presha ya jicho, lakini kwa saa tatu au nne tu, na presha ya jicho hutakiwa kushushwa usiku na mchana. Mgonjwa angelazimika kuitumia mara sita au zaidi kwa siku, na humo humo ikishusha presha ya damu inayolisha mshipa wa fahamu wa jicho. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakiipendekezi. Kuhusu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo mwaka 2015: wagonjwa waliopewa miligramu 1.5 za THC mara tatu kwa siku kwa wiki tatu hawakutulia zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Kipimo kilikuwa kidogo, na utafiti unaendelea. Anayemwambia mtoto wa mgonjwa kwamba bangi hurudisha kumbukumbu anamdanganya.

Kisha wapo wanaosema Umoja wa Mataifa "umeshaitangaza kuwa dawa." Desemba 2020, Tume ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne la mkataba wa mwaka 1961, lenye vitu vilivyohesabiwa kuwa hatari sana na visivyo na faida kubwa ya tiba. Ilibaki kwenye Jedwali la Kwanza, chini ya udhibiti mkali. Kura ile ilifungua mlango wa utafiti, haikuthibitisha chupa ya mtu. Hata nchi ikiihalalisha kabisa, sheria inasema tu nani hatakamatwa, na haisemi kitu juu ya warfarini.

Upande wa pili nao una uzushi wake, na unaumiza vilevile. Mzee anayeuliza habari za bangi huitwa mhuni, huambiwa itamtia wazimu, na watoto wake huona aibu. Huko Marekani, waliosema wametumia bangi ndani ya mwezi mmoja uliopita kati ya wenye miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 4.8 mwaka 2021, na asilimia 7 mwaka 2023. Wamo watu wa heshima zao wanaotafuta usingizi. Aibu haiwazuii kutumia, inawafundisha kuficha. Daktari asiyeambiwa huona mgonjwa aliyeanza kusahau na kuyumba, naye huandika ugonjwa wa kumbukumbu, au hubadilisha dawa ya presha isiyo na kosa.

Uraibu pia hauna umri. Aliyetumia kila usiku kwa muda mrefu akiacha ghafla hukosa usingizi, hukasirika ovyo na hupoteza hamu ya kula kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Wengi hudhani ugonjwa wa zamani umerudi, wakairudia bangi kama ushahidi kwamba ilikuwa inawatibu.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema mama yake anatumia bangi ya dawa, usimgombeze. Muulize ina THC, CBD au zote mbili, miligramu ngapi kwa mara moja, ni kwa ugonjwa gani, na ni nani mwingine anayejua. Kama hana majibu, mwambie kwa upole kwamba mama anatumia bangi, na huenda inampa nafuu fulani. Aibebe hiyo chupa kwenye mfuko mmoja na vidonge vyake vyote, siku ya kliniki, amwonyeshe daktari au mfamasia kama ilivyo.