"Hatukusoma leo, tulikuwa na muziki": dhana potofu kuhusu vipindi vya walimu wa masomo maalumu

Mtoto anayejibu hivyo hadanganyi. Anarudia tu anayoyasikia kwa wakubwa, kwamba muziki, sanaa, michezo, kompyuta na maktaba ni vipindi vya kupumzisha akili kati ya hesabu na lugha. Tuyachukue yale yanayosemwa mara nyingi, tuone kinachofanyika darasani.

"Filimbi ni ya wenye kipaji, wangu anapiga makelele tu"

Makelele hayo yana sababu mbili kubwa, na kipaji hakimo. Ya kwanza ni pumzi nyingi. Filimbi ya wanaoanza haipulizwi kama puto. Pumzi yake ni ile ya mtu anayetia ukungu kwenye kioo kabla ya kukifuta. Ukizidisha, sauti inaruka juu na kugeuka mlio mkali. Sababu ya pili ni tundu lisilozibika vizuri. Mtoto huziba kwa ncha ya kidole badala ya nyama yake, hewa inavuja pembeni, na noti inaharibika hata kama pumzi ni sahihi. Kipimo chake ni rahisi: abonyeze matundu sekunde tano, kisha ageuze vidole. Kila kidole kiwe na alama ya duara kamili. Duara likikatika upande mmoja, hapo ndipo hewa inapotokea.

Noti za kwanza kwa kawaida ni B, A na G, kwa sababu kila moja inaongeza kidole kimoja tu. B ni gumba la kushoto nyuma na kidole cha shahada mbele. Ongeza cha kati, umepata A. Ongeza cha pete, ni G. Mkono wa kushoto hukaa juu hata kwa mtoto anayeandika kwa kushoto. Aliyeanza na wa kulia juu atapiga noti hizo tatu bila taabu, kisha atakwama akishuka kwenye noti za chini, maana matundu ya huko yamepangwa kwa vidole vya mkono wa kulia. Kuacha mazoea hayo huchukua muda mrefu kuliko kuanza vizuri. Halafu kuna ulimi: kila noti huanza kwa kutamka "tu" kimyakimya ndani ya filimbi. Bila hilo noti zinaburuzana kama ving'ora.

"Chombo cha udongo hupasuka tanurini kwa sababu ya vipovu vya hewa"

Hii hata baadhi ya walimu wanaifundisha. Mkosaji hasa ni maji. Udongo unaoonekana mkavu nje unaweza kuwa na unyevu katikati. Joto likipita nyuzi 100 za Selsiasi unyevu huo hugeuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yaliyouzaa. Usipopata njia ya kutoka, unavunja ukuta. Kipovu kilichomo kwenye udongo mkavu kabisa kwa kawaida hakileti mlipuko. Kilichomo kwenye udongo wenye unyevu kinahifadhi mvuke, na ndiyo maana kinasingiziwa. Udongo bado unakandwa kabla ya kufinyangwa, kwa sababu kukanda kunasawazisha unyevu na kuondoa sehemu dhaifu.

Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa unene. Donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto hutobolewa kwa gumba, kisha ukuta unabanwa huku chombo kinazungushwa, hadi ubaki wa kama sentimita 1 au pungufu. Kichwa cha mnyama kinachofinyangwa kikiwa kizito sharti kikombwe ndani na kuachiwa tundu dogo. Kabla ya kuchoma, chombo huwekwa shavuni: kikihisi baridi, maji bado yanatoka.

Mkono wa kikombe unaodondoka ni kosa jingine. Kuubandika tu hakutoshi. Pande zote mbili zinachanjwachanjwa, zinapakwa uji wa udongo, zinabanwa, kisha maungio yanalainishwa. Viungo viwe na unyevu unaolingana, maana chenye maji zaidi husinyaa zaidi na kujing'oa.

Kwenye rangi, malalamiko ni zambarau inayotoka kahawia. Nyekundu inayoelekea chungwa ina njano ndani yake, na njano ikikutana na buluu na nyekundu, zote zinafifia. Tumia nyekundu inayoelekea waridi. Na rangi nzito huongezwa kidogokidogo kwenye nyepesi, si kinyume chake, la sivyo nusu ya chupa ya njano inaishia kufukuzana na buluu.

"Michezo ni kuwapa mpira wakakimbie"

Kukimbia wanajua. Wasichojua wengi ni kurusha. Mtazame mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia huku akitanguliza mguu wa kulia: nyonga haizunguki, nguvu yote inatoka kwenye kiwiko, mpira unaanguka karibu. Dawa ni alama mbili chini. Asimame ubavu ukielekea shabaha, mguu wa kushoto ukanyage alama ya mbele, nyonga izunguke kwanza, mkono ufuate. Kudaka nako kuna kanuni yake: mpira ukija chini ya kiuno vidole vidogo vinakaribiana, ukija juu ya kifua magumba ndiyo yanayokaribiana, na mikono inarudi nyuma kidogo unapofika, isije ikaurudisha.

Ndiyo maana mwalimu mzuri hugawa darasa kwenye timu za watatu kwa watatu. Timu kubwa huwaacha watoto wengi wakiutazama mpira kwa mbali. Ila kipindi pekee hakitoshi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi ya nguvu ya kati hadi kubwa kila siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17.

"Bila kompyuta hakuna somo la kompyuta"

Kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1 zinatosha kufundisha namba za mfumo wa mbili. Kadi iliyo wazi huandikwa 1, iliyofunikwa 0. Kumi na tatu ni 8, 4 na 1 zikiwa wazi, nyingine zikiwa zimefunikwa: 01101.

Mbele ya skrini, watoto huandika amri za kumwongoza kikaragosi anayechora mstari kila anakopita, na kosa lenye faida kuliko yote ni la pembetatu. Mraba umekubali: rudia mara 4, nenda mbele, geuka nyuzi 90. Kwa pembetatu wanaandika rudia mara 3, geuka nyuzi 60, kwa sababu kitabu cha hesabu kinasema pembe ni 60. Inatoka nusu ya umbo la pande sita. Hiyo 60 ni pembe ya ndani, ilhali kikaragosi kinageuka kwa pembe ya nje: 180 toa 60, yaani 120. Mtoto akisimama na kuutembea mchoro huo sakafuni, analiona kosa kwa miguu yake.

"Maktaba ni kuazima vitabu"

Ni kutafuta. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada na uliochapishwa mwaka 1876, mamalia wako 599, lakini mtoto anayetaka kumfuga mbwa hatapata kitu huko. Aende 636.7, kwenye mifugo.