Kugeuza waraka kuwa video: yanayodhaniwa na ukweli wake

"Badilisha .pdf iwe .mp4 kwenye jina la faili, umemaliza."
Utakuwa umebadilisha jina tu. Yaliyomo ni yale yale na programu ya video itagoma kuyafungua. Kila ukurasa lazima kwanza utolewe kama picha, picha ipangiwe sekunde zake, ndipo zote zibanwe kwa kodeki (njia ya kubana video) kama H.264.

"Kinachosomeka kwenye ukurasa kitasomeka kwenye video."
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. A4 iliyosimama ina urefu wa pointi 842 (pointi ni kipimo kile kile cha ukubwa wa herufi). Ukiiingiza nzima kwenye fremu ya video ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pointi inapata pikseli 1.28, hivyo herufi za ukubwa wa 12 zinaambulia pikseli 15 hivi. Ukurasa wenyewe unajaza upana wa pikseli 764 tu, kwingine kote ni weusi. Wengi hukimbilia 4K, yaani fremu yenye pikseli nyingi zaidi. Picha inakuwa kali zaidi, lakini kwenye simu herufi ni ndogo vile vile. Dawa ni kuupanga waraka upya kwa uwiano wa 16:9. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina urefu wa pointi 540, kwa hiyo kila pointi inapata pikseli 2, na herufi za 28 zinapata 56. Hizo zinasomeka.

"Programu inajua kila ukurasa ukae muda gani."
Haijui. Kwenye PowerPoint (File, Export, Create a Video) slaidi isiyorekodiwa muda hupewa sekunde 5, na jedwali refu litapita kabla halijasomwa. Soma slaidi kwa sauti bila haraka, pima muda, kisha ongeza sekunde mbili.

"FFmpeg ikimaliza bila kulalamika, video itacheza popote."
FFmpeg ni programu ya kutengeneza video kwa amri za maandishi. Ukiipa picha za PNG na kodeki ya libx264 (inayotoa H.264), kwa kawaida huchagua yuv444p, mfumo wa rangi ambao simu nyingi hazichezi. Ongeza `-pix_fmt yuv420p` kwenye amri, ili itumie mfumo wa yuv420p badala yake. Sasa huenda ikakataa kwa ujumbe "height not divisible by 2": upana na urefu lazima vigawanyike kwa mbili, basi weka `-vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2"`. Jihadhari pia na herufi nyembamba nyekundu juu ya buluu. Mfumo wa yuv420p hupunguza taarifa za rangi, na kingo za herufi hizo zitavujiana.

"Viungo vitaendelea kubonyezeka."
Havitabonyezeka, wala maneno hayatatafutika. Ambatisha PDF pembeni ya video.